Saa ya Thamani Imeharibika: Jinsi ya Kuipeleka kwa Mtengenezaji Wake

Maswali ni yale yale kila mara. Saa imeanguka, imeingia maji, kioo kimepasuka: ipelekwe wapi? Waranti italipa? Mbona kotesheni (makadirio ya gharama) imekuja na vitu ambavyo hukuviomba? Mwongozo huu ni wa mwenye saa ya mkono ya gharama, Rolex, Omega, Cartier, IWC au nyingine ya daraja hilo, anayetaka itengenezwe na kampuni iliyoiunda na si fundi yeyote tu.

Jambo moja lishike tangu mwanzo. Kituo cha mtengenezaji hakizibi tatizo moja na kukurudishia saa. Kazi yake ni kuirudisha saa katika kiwango cha kiwanda: mashine inafunguliwa yote, raba za kuzuia maji zinabadilishwa, bodi (ganda la nje la saa) linapigwa polishi, na kipande kilichochakaa kinatupwa. Usichotaka kifanywe lazima ukiseme mapema, na ukiseme kwa maandishi.

KWANZA, ZUIA MADHARA YASIONGEZEKE

Imeingia maji au kuna ukungu chini ya kioo. Usivute kifundo cha pembeni, usibonyeze vitufe, usitie ufunguo. Usiianike juani wala kuipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele. Joto linageuza maji kuwa mvuke unaopenya hadi ndani kabisa ya mashine, na mafuta ya saa yanahama mahali pake. Kuifukia kwenye mchele hakusaidii chochote, kwa kuwa unyevu uko ndani ya bodi lililofungwa na mchele uko nje. Chuma chembamba cha ndani kinaanza kutu haraka, na maji ya chumvi ni mabaya kuliko yote. Hapa usisubiri foleni ya kituo: mpelekee fundi mwenye sifa siku hiyo hiyo afungue na kukausha, akuandikie alichofanya, kisha saa iende kwa mtengenezaji. Ila kama bado iko ndani ya waranti, pigia kituo simu kwanza, maana kufunguliwa na asiyeidhinishwa kunaweza kuifuta.

Kioo kimepasuka. Kioo cha yakuti samawi hakikwaruziki kirahisi, lakini kikigongwa ukingoni husagika kuwa chembe ngumu kama mchanga. Zikifika kwenye magurudumu ya mashine hasara inaongezeka mara kadhaa. Bandika utepe wa karatasi juu ya kioo, laza saa uso ukiwa juu, na usiitikise. Kama ni saa ya otomatiki, yaani ina uzito unaozunguka ndani na kuitia ufunguo yenyewe, usiivae hata kidogo.

Imeanguka lakini inatembea. Usijipe moyo bado. Ilinganishe na saa ya simu kwa saa 24. Ikienda mbio dakika kadhaa kwa siku, huenda spring nyembamba ya usukani imejigusa au imepata sumaku. Ukisikia kitu kinachezacheza ndani unapoigeuza, uzito wa kujitia ufunguo umelegea. Ivue, usiendelee kuivaa.

JE, NI LAZIMA IENDE KWA MTENGENEZAJI?

Iende ikiwa iko ndani ya waranti, ikiwa inahitaji vipuri ambavyo kampuni haiwauzii mafundi wa nje (na kampuni nyingi kubwa haziwauzii), au ikiwa unataka karatasi ya sevisi ya kiwanda kwa ajili ya bima au kuiuza baadaye.

Fikiri mara mbili ikiwa ni saa ya zamani ambayo thamani yake iko kwenye uso wake wa asili uliobadilika rangi, mishale yake ya awali na bodi ambalo halijawahi kupigwa polishi. Kituo kinaweza kubadilisha vyote hivyo kwa nia njema, saa ikarudi inang'aa na bei yake sokoni ikiwa imeshuka. Kwa saa ya namna hiyo, ulizia karakana ya saa za kale makao makuu. Patek Philippe hukubali kutengeneza saa zake zote tangu 1839, na Vacheron Constantin tangu 1755. Kazi ya huko ni ya polepole na ghali, lakini watu wake wanajua kwa nini uso wa zamani haupaswi kuguswa.

Kuhusu waranti, usijidanganye: inalipia kasoro za kiwanda, hailipii ajali. Kioo kilichovunjika, kifundo kilichopinda, maji yaliyoingia kwa sababu kifundo kiliachwa wazi, vyote ni juu yako. Hata hivyo angalia muda, kwa sababu wengi wana waranti bila kujua. Rolex inatoa miaka 5 kwa saa zilizouzwa tangu Julai 2015, Omega miaka 5 tangu Novemba 2018. Cartier, IWC na Jaeger-LeCoultre hurefusha hadi miaka 8 kwa mteja aliyesajili saa yake kwenye mfumo wa kampuni. Kama hujasajili na muda wa awali haujaisha, sajili leo.

UTAKAVYOHITAJI KABLA YA KUANZA

- Kadi ya waranti na risiti ya ununuzi. Ukikosa, karatasi za sevisi zilizopita au hati ya urithi.
- Namba ya modeli na namba ya mfululizo. Kwenye Rolex za tangu katikati ya miaka ya 2000 namba ya mfululizo imechongwa kwenye pete ya ndani chini ya kioo. Kwenye za zamani iko kati ya masikio ya bodi (pembe zinazoshika mkanda) upande wa namba 6, na haionekani mpaka mkanda utolewe. Saa nyingine nyingi huiweka kwenye kifuniko cha nyuma au nyuma ya sikio mojawapo.
- Kitambulisho chako.
- Mkataba wa bima, kama saa ina bima.
- Lenzi ya kukuza mara 10 na simu yenye kamera nzuri.
- Saa nyingine ya kuvaa. Huu si mzaha. Hii utaingoja kwa wiki kadhaa, pengine miezi.

HATUA KWA HATUA

1. Piga picha kabla mtu yeyote hajaigusa. Uso, nyuma, pande zote mbili, kifungio cha mkanda, na sehemu iliyoumia kwa karibu. Washa taa kutoka ubavuni, si juu, ndipo mikwaruzo ijitokeze. Piga na namba ya mfululizo. Kama saa inatembea na haina maji wala vipande vya kioo ndani, rekodi video fupi ukionyesha vitufe, pete inayozunguka na tarehe. Picha hizi ndizo zitakazokutetea ikirudi na alama mpya.

2. Zungumza na bima kabla ya kuidhinisha chochote. Kampuni nyingi za bima zinataka kuona makadirio kwanza. Ukitengeneza halafu ukadai, unaweza kuambiwa ushahidi umepotea. Omba pia mtengenezaji asitupe vipande vilivyovunjika mpaka bima imalize.

3. Tafuta kituo halali. Ingia kwenye tovuti rasmi ya kampuni yenyewe na utumie ukurasa wake wa kutafuta vituo. Usibonyeze tangazo la kwanza linalotokea ukitafuta mtandaoni. Wapo wanaotumia nembo za kampuni kubwa bila ruhusa. Utakutana na aina tatu: kituo cha kampuni, muuzaji aliyeidhinishwa mwenye karakana yake, na muuzaji aliyeidhinishwa ambaye kazi yake ni kupokea na kutuma mbele tu. Uliza swali moja: "Saa itafunguliwa hapa hapa au itasafirishwa?" Jibu litakuambia ni nani anayebeba dhamana njiani.

4. Ondoa kila kitu kisicho cha asili, au kitaje. Ukiwa na mkanda wa kampuni nyingine, uvue ubaki nao. Lakini kama uso, pete au mishale imewahi kubadilishwa kwa vipuri vya mtaani, au vito vimepachikwa baadaye, sema mapema. Rolex, kwa mfano, haifanyii sevisi saa yenye vipuri visivyo vyake mpaka ukubali vibadilishwe kwa vya asili. Na kama una wasiwasi saa yenyewe ni bandia, thibitisha kwanza kwa fundi huru. Katika baadhi ya nchi kituo kinaweza kuizuia.

5. Andika barua ya maelekezo. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, nayo ndiyo huleta majuto. Ukurasa mmoja unatosha, kwa lugha inayotumika kituoni:

"Tatizo: saa ilianguka kwenye sakafu ngumu, kioo kimepasuka upande wa namba 4, mshale wa sekunde umesimama. Ninaomba makadirio kabla ya kazi yoyote. Bodi na mkanda VISIPIGWE polishi. Uso na mishale VISIBADILISHWE bila idhini yangu ya maandishi. Vipuri vyote vitakavyotolewa virudishwe kwangu."

Kuhusu polishi: kila inapopigwa, chuma kinaondoka na kona kali za bodi zinaviringika. Chuma hicho hakirudi. Saa ya kuvaa kila siku ambayo huna mpango wa kuiuza, polishi moja si balaa. Saa ya mkusanyaji, kataa. Kuhusu vipuri: baadhi ya kampuni hazirudishi kabisa kipande cha zamani, au hukirudisha kwa malipo. Uliza kabla, kwa kuwa baada ya kubadilishwa hakuna cha kudai.

Angalizo kwa saa za zamani: maandishi kama "T SWISS T" chini ya namba 6 yanaonyesha rangi inayong'aa gizani yenye tritiamu, iliyotumika hadi miaka ya 1990. Za kabla ya miaka ya 1960 zinaweza kuwa na radiamu, ambayo ina mionzi mikali zaidi. Vituo vingine haviruhusiwi kufanya kazi juu ya rangi hizo bila kuzibadilisha, na saa ya radiamu usiitume kwa posta kabla kituo hakijakupa utaratibu.

6. Kabidhi au tuma. Kukabidhi mkononi ni bora kuliko chochote. Usiondoke bila stakabadhi yenye namba ya mfululizo, orodha ya ulivyoacha (pamoja na idadi ya vipande vya mkanda) na maelezo ya hali ya saa. Ukiona wameandika tu "ina mikwaruzo", waombe waandike iko wapi.

Ukilazimika kutuma, boksi la kifahari na kadi ya asili vibaki nyumbani. Tuma nakala ya kadi, isipokuwa wakiomba ya asili. Funga kifundo mpaka mwisho. Jaza kitambaa laini ndani ya mzunguko wa mkanda ili kifungio kisikwaruze kifuniko cha nyuma. Zungushia plastiki ya mapovu mara mbili, weka kwenye kiboksi kigumu, kisha kiboksi hicho ndani ya boksi kubwa lenye angalau sentimita 5 za kujazia kila upande. Tikisa: ukisikia kitu kinahama, fungua ujaze tena. Kama kioo kimetoka chote na mishale iko wazi, usitume kabisa, ipeleke mwenyewe.

Nje ya boksi lisionekane jina la kampuni ya saa wala neno "saa". Na soma masharti ya msafirishaji, kwa sababu wengi huweka kikomo cha chini cha fidia kwa saa na vito, au huvitenga kabisa. Bima isiyofikia thamani ya saa ni hasara yako. Vituo vingi vina msafirishaji wao mwenye bima. Mkubali huyo hata akiwa ghali.

7. Ikivuka mpaka, anza na forodha. Kabla haijatoka, omba hati ya kutoa bidhaa kwa muda kwa ajili ya matengenezo, yenye namba ya mfululizo. Bila hati hiyo, saa yako mwenyewe ikirudi inaweza kutozwa ushuru kama bidhaa mpya. Kwenye fomu andika ukweli: saa ya mkono, imetumika, inaenda kutengenezwa. Kupunguza thamani ili kukwepa ushuru kunaua dai lako la bima.

8. Isome kotesheni mstari kwa mstari. Kwa kawaida utaona makundi mawili: kazi za lazima na za hiari. Za lazima ni zile ambazo bila hizo kituo hakitoi waranti ya kazi yake, kama sevisi kamili ya mashine, raba zote, na kifundo pamoja na bomba lake ikiwa nyuzi zimelika. Za hiari ni polishi, mkanda mpya, kifungio kipya. Kila penye neno "kubadilisha" uliza sababu na uombe picha. Uliza pia kama kuna sevisi nusu, yaani kioo na kipimo cha kuzuia maji tu. Omega na Cartier, miongoni mwa wengine, wana kazi za namna hiyo. Lakini ikiwa saa imeanguka au imeingia maji, mara nyingi watakataa, na hapo wana haki: hawawezi kudhamini mashine ambayo hawakuifungua.

Angalia tarehe ya mwisho ya kujibu na ada ya kukataa. Baadhi hutoza uchunguzi na usafiri wa kurudisha.

9. Subiri bila kuvuruga. Sevisi ya kawaida ni wiki kadhaa. Ikihitaji kipuri adimu ni miezi. Saa ya kale inaweza kufika mwaka. Omba tarehe kwa maandishi na uulize hali mara moja tarehe hiyo ikipita. Ukibadili maelekezo katikati, yathibitishe kwa barua pepe, usitegemee simu.

10. Ikague kabla ya kusaini. Linganisha namba ya mfululizo na karatasi ya sevisi. Kwa lenzi, tafuta vumbi chini ya kioo na alama za bisibisi kwenye kifuniko. Saa ikiwa 6:00 kwenye uso, mishale inyooke mstari mmoja. Kifundo kijifunge bila kukwama. Vitufe vya kupimia muda virudishe mshale kwenye sifuri kamili, si pembeni yake. Hesabu vipande vya mkanda na vipuri vya zamani. Karatasi ya waranti ya sevisi iwe na tarehe. Rolex na Omega hutoa miaka 2 kwa sevisi kamili.

MATATIZO YA KAWAIDA BAADA YA HAPO

Inapoteza au kuzidisha muda. Kwanza jua kiwango chake. Mashine yenye cheti cha COSC (taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa) inaruhusiwa wastani wa kati ya -4 na +6 sekunde kwa siku. Rolex inajiwekea ±2. Omega zenye cheti cha METAS (taasisi ya vipimo ya serikali ya Uswisi) ni kati ya 0 na +5. Ipime kwa wiki nzima, si siku moja. Ikianza ghafla kwenda mbio sana, shuku sumaku: spika, kava la simu, kifuniko cha tableti. Isogeze karibu na dira. Sindano ikicheza, ina sumaku, na kuiondoa ni kazi ya dakika chache kwa fundi bila kuifungua.

Inasimama usiku. Saa ya kujitia ufunguo haijazwi na mkono uliokaa mezani siku nzima. Zungusha kifundo mara 30 hadi 40 kwanza, kisha uivae. Ikiendelea kusimama hata baada ya hapo, irudishe chini ya waranti ya sevisi.

Tarehe imekwama. Usirekebishe tarehe kwa haraka kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, yaani mshale mfupi ukiwa kati ya 9 na 3 ukipitia 12. Wakati huo meno ya kubadilishia tarehe yameshikana, na ukilazimisha yanaweza kuvunjika. Kituo kikiona jino limevunjika hivyo, hakitaita kasoro ya kiwanda.

Ukungu umetokea tena. Irudishe siku hiyo hiyo, usioge nayo "kujaribu". Hata bila ukungu, raba huzeeka; ukiogelea nayo, ipimwe maji kila mwaka.

Alama mpya ambayo haikuwepo. Toa picha za hatua ya 1 na uandike malalamiko kabla ya kuivaa. Ukishaivaa siku tatu, hoja yako imedhoofika.

Gharama inazidi thamani ya saa. Omba kotesheni ya pili bila kazi za hiari. Ikishindikana, chukua saa pamoja na ripoti ya uchunguzi. Fundi huru aliyebobea katika aina hiyo ataanzia hapo badala ya kukisia.

Kituo kimekataa kuipokea. Dai sababu kwa maandishi. Kama ni vipuri visivyo vya asili, una njia mbili: kulipia vya asili au kwenda kwa fundi huru. Kama ni kwamba namba ya mfululizo imeripotiwa kuibiwa, kituo kinaweza kuishikilia na kuwaarifu polisi, hata wewe ukiwa umeinunua kwa nia safi. Peleka risiti na mawasiliano yako yote na aliyekuuzia, na kabla ya kununua saa nyingine ya mtumba, ikaguliwe namba yake kwenye orodha ya saa zilizoibiwa kabla hujatoa pesa.

Kifurushi kimepotea. Ripoti kwa msafirishaji mara tu kinapochelewa, kwa kuwa mikataba yao huweka siku maalumu za kudai. Ambatanisha picha, namba ya mfululizo, na kotesheni au tathmini inayoonyesha thamani. Toa taarifa polisi, kisha umjulishe mtengenezaji aiweke namba hiyo kwenye kumbukumbu zake. Saa iliyoibiwa ikiletwa kwenye kituo chochote cha kampuni hiyo kwa sevisi, hapo ndipo hukamatwa.